Kuichangia Idara ya Sayansi na Hisabati ya Chuo cha Ualimu: Hesabu Ianzie Kwenye Meza ya Maabara

Mwalimu wa kemia anayemaliza chuo bila kushika bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki) kwa mkono wake huenda kufundisha kemia ya ubaoni. Wanafunzi wake nao huingia kwenye mtihani wa vitendo wakiwa wameisoma titresheni (kupima nguvu ya asidi au besi kwa kudondosha moja ndani ya nyingine) kwenye daftari tu. Ndiyo maana mchango unaokwenda kwenye idara ya sayansi na hisabati ya chuo cha ualimu hufika mbali: wanachuo wa darasa moja wakihitimu hutawanyika katika shule za mikoa mingi, na kila mmoja hufundisha kwa kadiri ya alichokifanya maabara.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya wahitimu, wafanyabiashara, taasisi za dini na Watanzania walio ughaibuni wanaotaka kuchangia idara kama hizo, iwe katika vyuo vya serikali kama Klerruu cha Iringa, Butimba cha Mwanza au Korogwe cha Tanga, iwe katika vyuo binafsi na vya madhehebu. Swali la kujiuliza mwanzo hadi mwisho ni moja: mchango huu utawezesha vipindi vingapi vya vitendo, na kwa miaka mingapi? Jengo jipya lisiloongeza hata kipindi kimoja linaweza kusubiri.

Kabla ya kuchangisha

Andikeni barua kwa Mkuu wa Chuo, nakala kwa mkuu wa idara. Msiombe orodha ya mahitaji, kwa sababu orodha inayoombwa hivyo huandikwa kwa haraka na hujaa vitu vikubwa. Ombeni mambo manne: idadi ya wanachuo kwa kila mkondo, vipindi vya vitendo vinavyotakiwa na mtaala kwa mwaka, leja ya stoo ya maabara, na jina la cheo cha anayetunza maabara, kama ni fundi sanifu aliyeajiriwa au ni mkufunzi anayejitolea baada ya vipindi vyake. Kisha ulizeni swali hili: mwaka uliopita vipindi vingapi vilifutwa, na kila kimoja kilifutwa kwa kukosa nini?

Majibu ya swali hilo hubadili mpango mzima. Mara nyingi kipindi hakifutwi kwa kukosa hadubini. Hufutwa kwa sababu maji hayakutoka, gesi iliisha, sinki limeziba, au betri za fizikia zimekufa zote.

Mkifika chuoni, fungueni mabomba yote. Hesabuni soketi zinazofanya kazi. Ingieni stoo mtazame kama kuna maboksi ya msaada uliotangulia ambayo hayajafunguliwa. Boksi lililokaa miaka miwili bila kufunguliwa lina sababu yake: kifaa kilikuja bila waya wake, maelekezo yako katika lugha asiyoijua mtu pale, au mkufunzi anaogopa kukatwa mshahara kikivunjika. Sababu hiyo ya mwisho ni ya kweli na haisemwi hadharani, kwa hiyo makubaliano yenu yaseme waziwazi kwamba vyombo vya maabara vinavunjika kwa kutumika, na kwamba kiasi fulani, tuseme asilimia 10 kwa mwaka, kinafutwa kwenye leja bila mtu kudaiwa.

Kemia: hesabu ya kweli ya kipindi kimoja

Chukueni mkondo wa wanachuo 40 wanaofanya titresheni wawili wawili. Hizo ni meza 20. Kila meza itahitaji bureti 1 ya mililita 50, pipeti 1 ya mililita 20 au 25 yenye kivutio cha mpira, chupa koni 2 au 3 za mililita 250, bika 2, na stendi yenye klampu. Ongezeni moja ya tano kwa ajili ya kuvunjika: nunueni bureti 24, si 20. Daraja B linatosha kwa kufundishia. Bureti ya daraja A ina uhakika wa mililita 0.05 na ya daraja B mililita 0.1, na tofauti hiyo humezwa na makosa ya jicho la anayeanza kujifunza.

Kitu ambacho msikubali kukipunguza bei ni koki ya bureti. Chagueni koki ya plastiki ngumu aina ya teflon. Koki ya kioo ikiachwa na hidroksidi ya sodiamu usiku mmoja tu huganda, na anayejaribu kuizungusha asubuhi huivunja. Bureti nyingi za kioo zilizo stoo kwenye vyuo vyetu zimekufa hivyo.

Sasa kemikali. Kila meza hutumia kama mililita 150 za asidi yenye moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa kemikali): kidogo cha kusuuzia, jaribio la awali, na vipimo vitatu. Meza 20 ni lita 3, yaani moli 0.3. Asidi hidrokloriki ya dukani yenye nguvu ya asilimia 36 hivi ina karibu moli 12 kwa lita, kwa hiyo kipindi kizima kinakula mililita 25 tu za asidi hiyo. Chupa moja ya lita 2.5 inatosha vipindi 100. Chuo chenye mikondo mitatu na vipindi 8 vya titresheni kwa mwaka kina vipindi 24, na chupa hiyo moja itakaa miaka minne. Mfadhili anayepeleka katoni mbili za asidi anaongeza hatari.

Hidroksidi ya sodiamu nayo: lita 3 za moli 0.1 ni gramu 12. Kopo la gramu 500 ni vipindi 41. Nunueni makopo madogo ya gramu 500, kamwe si mfuko wa kilo 25, kwa sababu hunyonya unyevu na hewaukaa kila unapofunguliwa. Baada ya miezi kadhaa, unachopima kwenye mizani hakiwi tena kile kilichoandikwa kwenye lebo, na majibu ya darasa zima yanapotoka.

Kinachokwisha haraka ni maji yaliyochujwa kwa mvuke. Kipindi kimoja hutaka lita 10 ukijumlisha ya kusuuzia, yaani lita 240 kwa vipindi 24. Mashine ya kutoa lita 4 kwa saa hula umeme wa kilowati 3 hivi na humwaga maji ya kupoozea mara nyingi zaidi ya yale inayotoa, kwa hiyo chuo kisicho na maji ya uhakika hakitaiwasha. Tangi safi la kuvunia mvua lenye lita 5,000 husaidia zaidi, mradi paa lisafishwe na mvua za mwanzo ziachwe zipite. Maji hayo yapimwe kwanza kwa tone la nitrati ya fedha: yakifanya ukungu mweupe, yana kloridi, nayo hayafai kwa vipindi vya kutambua chumvi. Nitrati ya fedha ni ghali, lakini hutumika kwa matone. Gramu 25 kwenye chupa ya kahawia zinatosha kwa muda mrefu.

Palipo na bajeti finyu, duka la vipuri vya magari ni rafiki wa idara. Asidi ya betri ni asidi salfuriki yenye moli 4 hadi 5 kwa lita, na ikizimuliwa kwa uangalifu (asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi) hutosha kwa vipindi vingi.

Kabla ya kununua chupa hata moja, tazameni zitakapokaa. Mvuke wa asidi hidrokloriki hula chuma. Stoo inayochanganya asidi na mizani, hadubini na mita za umeme huviua vifaa hivyo kimyakimya ndani ya mwaka. Asidi nitriki isikae pamoja na spiriti, asetoni wala asidi asetiki; amonia isikae jirani na hidrokloriki. Rafu mbili za chini zilizotenganishwa, trei za plastiki chini ya chupa, na tundu la hewa juu na chini ya mlango: fundi wa mtaani huvitengeneza kwa bei nafuu, na ni mchango mzuri kabisa ingawa haupigiwi picha.

Mizani ya kidijitali yenye uhakika wa gramu 0.01 inatosha. Ije na jiwe lake la kusahihishia.

Fizikia na baiolojia

Kwenye fizikia, adui ni mwunganiko mfupi. Mwanachuo akiiunganisha amita moja kwa moja kwenye betri bila ukinzani, mkono wa mita unapinda au koili inaungua. Kwa meza 20 wekeni amita 26 za 0 hadi 1 A, voltimita 24 za 0 hadi 5 V, na swichi ya kubonyeza kwa kila meza ili mkondo wa umeme usipite muda wote. Swichi hiyo ya bei ndogo ndiyo inayookoa betri kubwa za 1.5 V. Daraja la mita (kifaa cha kupima ukinzani) na pendulamu vinaweza kutengenezwa na karakana ya chuo au fundi seremala wa jirani. Kinachonunuliwa ni waya wa nikromu na konstantani, na ununuliwe kwa roli, kwa sababu hukatwa kila muhula.

Hadubini ndiyo kitu wafadhili hupenda kununua, na ndiyo kitu kinachokosewa zaidi. Yenye lenzi za 4, 10 na 40 inatosha kwa mtaala. Lenzi ya 100 hutaka mafuta maalumu, na yasipofutwa huharibu lenzi. Chagueni zenye taa ya LED na betri ya kuchaji, au za kioo cha kuakisi mwanga wa jua. Zile za taa ya halojeni husimama siku balbu inapoungua. Ukanda wa pwani, Tanga hadi Mtwara, una tatizo lake: kuvu huota ndani ya lenzi. Kila hadubini iwe na boksi linalofunga vizuri na pakiti za silika za kunyonya unyevu, zinazoweza kukaushwa na kutumiwa tena. Hadubini 10 zinazotunzwa hivyo zina faida kuliko 30 zilizofunikwa kitambaa.

Kipimajoto kiwe cha alkoholi. Cha zebaki msikipokee hata kikitolewa bure.

Gesi ina mtego wake. Vichomeo vya maabara vinavyotoka Ulaya mara nyingi vimetobolewa kwa ajili ya gesi asilia ya mabomba. Kwenye mtungi wetu wa gesi ya kupikia hutoa mwali mkubwa wa njano wenye masizi. Ombeni vyenye jeti (tundu la kutolea gesi) ya gesi ya mtungi. Mtungi wenyewe, wa kilo 15 au 38, ukae nje ya ukuta kwenye kibanda chenye kufuli, na bomba liingie ndani likiwa na koki kuu karibu na meza ya mkufunzi.

Hisabati isisahaulike

Kwa kuwa hisabati haina maabara, huachwa nje ya karibu kila harambee, na hilo ni kosa kubwa, maana hata kemia na fizikia hukwama pale hisabati ilipokwama. Mahitaji yake ni ya bei ya chini. Seti 3 za vifaa vya ubaoni (bikari, protrakta, pembetatu, rula ya mita), ubao mmoja wenye gridi ya grafu, vikokotoo vya kisayansi 20 visivyohifadhi programu, na bajeti ndogo ya kila muhula ya manila, gundi, mikasi na kamba, ili wanachuo watengeneze zana watakazokwenda nazo shuleni. Zana aliyoitengeneza mwenyewe, mwalimu ataitengeneza tena popote atakapopangiwa.

Kompyuta moja nzuri na projekta huongeza sana. GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, ni ya bure kwa kufundishia na hufanya kazi bila intaneti. Majaribio ya mfano ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, hupakuliwa bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kolibri, programu ya maktaba ya masomo, huwekwa kwenye kompyuta moja, kisha simu na kompyuta nyingine chuoni husoma kutoka hapo bila bando. Mfadhili alipe siku mbili za mtu wa kuja kuziweka na kuwafundisha wakufunzi. Bila siku hizo, kompyuta itaishia ofisini kuandikia barua.

Pesa au vifaa?

Pesa inayoingia chuo cha serikali ni fedha ya umma. Hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na manunuzi yake hupita kwenye mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Utaratibu huu unalinda pesa, lakini una muda wake. Msitoe pesa mwezi mmoja kabla ya mitihani mkitegemea vifaa vifike. Yeyote anayewapa namba ya simu au akaunti ya mtu binafsi, hata akiwa kiongozi, mwambieni kwa heshima kwamba mnasubiri namba ya malipo ya chuo.

Njia ya pili ni kikundi kununua na kukabidhi vifaa. Ni ya haraka zaidi, lakini mzigo wa kuchagua kitu sahihi unakuwa wenu. Mkuu wa idara aandike sifa za kila kifaa (ujazo, daraja, volti, aina ya koki) na kuzisaini, kisha chukueni bei kutoka kwa wauzaji watatu. Atakayekuja na bei ya chini kupita kiasi mwombeni sampuli moja. Siku ya makabidhiano, vifaa vihesabiwe na kujaribiwa mbele ya fundi sanifu na mtunza stoo, viandikwe kwenye leja na kupewa namba kabla ya hotuba. Vilivyovunjika njiani virudi kwa muuzaji siku hiyohiyo.

Katika kila shilingi 100, pendekezo letu ni 55 kwa vifaa, 20 kwa kemikali na vitu vinavyokwisha kwa miaka mitatu, 15 kwa matengenezo (mabomba, soketi, makabati) na 10 kwa mafunzo ya wakufunzi na fundi sanifu. Vikundi vingi huweka zote 100 kwenye vifaa, na mwaka wa pili maabara hulala.

Walio ughaibuni

Kontena la vifaa vilivyotumika huonekana rahisi hadi gharama za bandari zinapoanza kuhesabiwa kwa siku. Msamaha wa kodi huombwa na chuo kabla mzigo haujafika, ukaguzi wa ubora wa TBS nao hupangwa kabla ya meli kuondoka. Vifaa vya umeme kutoka Marekani ni vya volti 120. Vikichomekwa kwenye 230 zetu huungua papo hapo, na hata vikiwa na transfoma, vyenye mota huzunguka polepole kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na wao 60. Kemikali msipakie kabisa: kuingiza kemikali nchini kunahitaji vibali vya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kemikali hizo mnazipata Dar es Salaam. Kwa ujumla, tumeni pesa, na mkitaka kutuma kitu, kiwe kile kisichopatikana hapa na ambacho idara imekiandika kwa sifa zake.

Aliye Uingereza akichangia kupitia shirika la hisani lililosajiliwa huko, mpango wa Gift Aid huongeza peni 25 kwa kila pauni moja. Aliye Marekani hupata unafuu wa kodi akichangia taasisi inayotambuliwa na sheria ya huko. Akituma moja kwa moja kwa chuo cha Tanzania, haupati.

Kwa wafanyabiashara wa hapa nyumbani, mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na TRA hukatwa kwenye hesabu ya kodi usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Unaopitia Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, una utaratibu wake wa unafuu. Mhasibu wenu aulize kabla ya kutoa, si baada ya kufunga mwaka.

Mfuko wa kudumu na nauli za wanachuo

Kikundi chenye subira kinaweza kuanzisha mfuko unaotoa faida kila mwaka. Sajilini bodi ya wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kisha wekeni mtaji kwenye hatifungani za serikali, ambazo kiwango chake cha kuanzia ni shilingi milioni 1. Tuseme mtaji ni milioni 50 na riba ni asilimia 12: faida ni milioni 6 kwa mwaka, inalipwa kwa awamu mbili za milioni 3. Msitumie zote. Nne ziende maabara, mbili zirudi kwenye mtaji, la sivyo baada ya miaka kumi milioni 50 zitanunua kidogo kuliko zinachonunua leo. Milioni nne kila mwaka, bila kukosa, humfanya mkuu wa idara apange ratiba yake kwa uhakika, jambo ambalo mchango wa mara moja hauwezi.

Wapo wanaopenda kumsaidia mwanachuo moja kwa moja. Lipeni ada chuoni, si mkononi. Lakini pengo kubwa zaidi huwa kwenye mazoezi ya kufundisha: nauli, chumba na chakula katika wilaya ambako mwanachuo hana ndugu. Mfuko mdogo wa kusaidia wanaochukua sayansi na hisabati kipindi hicho huzuia wengine kukatisha masomo. Vigezo vibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na kamati iwe na mkufunzi wa kike.

Makubaliano ya kurasa mbili

Yataje nani anapokea, nani anatunza funguo, lini kemikali zitahakikiwa, na kwamba kila Juni chuo kitatuma nakala ya ratiba ya vitendo iliyotimizwa na leja ya vilivyovunjika. Ratiba hiyo ina thamani kuliko picha za makabidhiano. Ikionyesha vipindi havijaongezeka, pigeni simu kwa mkuu wa idara kabla ya kuchanga tena. Huenda bomba tu ndilo limepasuka.

Wekeni pia kifungu kinachoruhusu kifaa kisichohitajika tena kuhamishiwa shule ya sekondari ya jirani kwa barua ya Mkuu wa Chuo, na kingine kinachosema kemikali zilizoisha muda wake zitateketezwa kwa utaratibu wa Mkemia Mkuu, kwa gharama iliyotengwa tangu mwanzo ndani ya zile 15 za matengenezo.